Fundi wa Suluhu

Reli iliyoingia katika mji wetu wa Lubumbashi mwaka 1910, mji wenyewe ungali mchanga na ukiitwa Elisabethville, ilitoka kusini ikapitia Sakania, nayo ilikuwa na upana wa milimita 1,067 baina ya chuma na chuma. Ilhali reli iliyojengwa kaskazini, kutoka Kabalo hata ufuko wa Ziwa Tanganyika mahali panapoitwa leo Kalemie, ilikuwa na upana wa milimita 1,000. Tofauti ya milimita 67 haifikii upana wa kiganja cha mtu mzima, lakini behewa halipimi tofauti kwa macho ya wanadamu: ama magurudumu yake yamekaa juu ya chuma, ama hayakukaa. Kwa hiyo katika miaka ya 1950, ilipokusudiwa kuziunganisha njia hizo mbili, reli ya kaskazini ilibidi kupanuliwa, taruma baada ya taruma, mpaka ikalingana na ya kusini. Hata leo shaba ya Katanga yaweza kupita Zambia mpaka Kapiri Mposhi, ikashika reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, ikafika Dar es Salaam bila ya kubadili upana wa njia. Lakini mzigo wa reli hiyo ukitaka kuingia katika Reli ya Kati ya zamani, ambayo ni ya milimita 1,000, hauna budi kushushwa Kidatu na kupakiwa upya.

Nimeitaja reli kwanza, ijapokuwa kazi ninayokusudia kuisifu haina nyundo wala mataruma, kwa sababu ugomvi wa namba ulikuwapo kabla ya kompyuta, na mji wetu umeujua tangu kuzaliwa kwake. Kazi yenyewe ni ile ya kupatanisha matoleo ya pakiti zinazotegemeana katika programu ya simu. Wanaoifanya hapa Lubumbashi hawavai kofia za migodini, wala hakuna bomba refu la moshi linaloonyesha walipo. Hukaa katika vyumba vya Kamalondo, Katuba na Kampemba, na jamaa zao wakiulizwa kijana wenu anafanya kazi gani, hujibu kwamba yuko kwenye mashine, kana kwamba mashine ndiyo inayofanya kazi na yeye anaitazama tu. Ni haki kazi hiyo ielezwe ili ipewe heshima yake.

Mtu aliye nje ya ufundi huu hudhani kwamba mwenye kutengeneza programu huiandika yote kwa mkono wake, tangu neno la kwanza hata la mwisho, kama mshairi aandikavyo utenzi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kila programu imeandikwa na watu wengine, wa nchi nyingine, ambao fundi hatawaona maishani mwake. Sehemu hizo ndizo ziitwazo pakiti. Moja huandika tarehe. Nyingine huzungumza na printa ndogo ya risiti. Nyingine hutunza siri ya mwenye akaunti. Na kila moja ya hizo imejengwa juu ya nyingine, hata fundi aliyeomba pakiti 12 kwa majina yake huweza kukuta kwamba nyuma yao zimekuja nyingine nyingi mno, kama bibi harusi ajavyo na ukoo mzima.

Kila pakiti huvaa namba tatu zilizotenganishwa kwa nukta. Desturi ya kuzisoma namba hizo iliandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, na toleo lake la 2.0.0 lilitoka mwaka 2013. Namba ya mwisho hupanda kosa linaposahihishwa. Ya kati hupanda jambo jipya linapoongezwa bila ya kulivunja la zamani. Na ya kwanza hupanda pale mwandishi anapobadilisha jambo ambalo wengine wamejenga juu yake, ili wapate habari mapema na kujiandaa. Kuna kanuni ndogo ya ziada katika Dart, lugha tunayoandikia programu zetu: pakiti ambayo namba yake ya kwanza ingali sifuri huhesabiwa kuwa bado inakua, na kwa hiyo namba ya kati ndiyo inayobeba uzito wa mabadiliko makubwa, hata safari ya kutoka 0.19 kwenda 0.20 ikawa sawa na kuvuka mpaka. Mimi kila nizionapo namba hizo huziona kuwa ni ahadi. Mtu asiyenijua, aliyelala usingizi upande wa pili wa dunia, ameniambia kwa tarakimu tatu kiasi ninachoweza kumwamini.

Basi ugomvi huzuka vipi, iwapo wote ni waaminifu? Huzuka kwa sababu waaminifu wawili wanaweza kutoa ahadi zisizokutana. Pakiti ya kwanza husema, nami nisipopata toleo jipya la fulani siwezi kufanya kazi. Ya pili husema, nami fulani huyo nimemjaribu katika toleo la zamani tu, la jipya silidhamini. Hakuna aliyesema uongo. Lakini katika programu ya Dart kila pakiti hukaa kwa toleo moja tu, na wazee walikwisha sema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja.

Nitaeleza usiku mmoja, maana sifa isiyo na mfano ni maneno matupu. Ilikuwa Juni 2025, na kijana mmoja ninayemfundisha kazi alikuwa akitengeneza programu ya likelemba kwa kina mama wanaouza katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi wenye jina sawa na la ile nchi ya mashariki. Likelemba ndiyo upatu wa watu wa pwani: kila mmoja hutoa fungu lake kwa siku iliyopangwa, na jumla yake humwendea mmoja kwa zamu, mpaka wote wamepata. Kina mama hao walikuwa wakiandika zamu zao katika daftari, na daftari lilikwisha nyeshewa na mvua mara mbili. Walitaka jambo moja dogo na la haki: simu iwaandikie siku ya zamu na kiasi cha faranga kwa Kiswahili, au kwa Kifaransa kwa yule apendaye Kifaransa.

Programu hiyo ilitengenezwa kwa Flutter, zana ya kujengea programu za simu kwa lugha ya Dart, na katika Flutter haja ya namna hiyo hutimizwa na pakiti mbili. Moja huitwa intl, nayo ndiyo ijuayo kwamba siku ya sita baada ya Jumatatu ni Jumapili na mwezi wa nane ni Agosti. Ya pili huitwa flutter_localizations, huja pamoja na Flutter yenyewe, nayo hufundisha vitufe na kalenda za skrini kusema lugha ya mwenye simu. Hiyo ya pili ina tabia ya ukali: haikubali intl yoyote ila toleo moja kamili, na Flutter inapobadilika, toleo hilo nalo laweza kubadilika. Flutter 3.29 ilidai intl 0.19.0, Flutter 3.32, iliyotoka Mei mwaka ule, ikadai 0.20.2. Kijana alikuwa amepandisha Flutter yake jioni ile kwa nia njema, akaita pakiti zake, akajibiwa kwa maandishi mekundu.

"Yaya, inakatala," akaniambia. Yaya, kwa Kiswahili cha kwetu, ni ndugu mkubwa, na inakatala ndiyo inakataa.

"Inakatala sababu gani?"

"Sijui. Inaandika maneno mingi."

"Soma yote, mudogo wangu, mpaka mwisho."

Akasoma kwa sauti, nami nikayasikia maneno ambayo, yakitolewa katika lugha yetu, husema hivi: kwa kuwa programu yako inategemea flutter_localizations, nayo inategemea intl 0.20.2, basi intl 0.20.2 ni ya lazima. Na kwa kuwa programu yako yenyewe inataka intl isiyofika 0.20.0, basi upatanisho umeshindikana. Nilimwomba arudie, akarudia, na mara ya pili sauti yake ilikuwa imetulia, kwa sababu alikuwa ameanza kusikia kwamba maneno yale mengi hayakuwa makemeo. Yalikuwa hoja, yenye mwanzo wake na hitimisho lake, na kila kiungo kikishikana na mwenzake.

Si kila chombo hukataa kwa adabu namna hiyo, na adabu hiyo ina mwenyewe. Kutafuta matoleo yanayopatana ni hesabu nzito: pakiti 20 zikiwa na matoleo 10 kila moja, namna za kuzipanga ni 1 ikifuatwa na sifuri 20, na wataalamu wamethibitisha kwamba swali hili ni la jamii ya maswali ambayo hakuna ajuaye njia fupi ya kuyajibu kila mara. Mwaka 2018 Natalie Weizenbaum alieleza njia aliyoiita PubGrub, ambayo ndiyo Dart huitumia. Njia hiyo ikikwama hujiuliza sababu ya kukwama, huiandika sababu kuwa kanuni, wala hairudii tena kosa la jamii ile. Na ikishindwa kabisa, huzitoa kanuni zake zikafuatana, kama kadhi mwadilifu asiyemwambia mdai kwamba ameshindwa tu, bali humsomea shahidi baada ya shahidi mpaka mwenyewe aone hukumu ilikotoka. Ninamtukuza mtu aliyeona kwamba hata kukataa kwastahili kufafanuliwa.

Lakini chombo hueleza ugomvi. Kuusuluhisha ni kazi ya fundi, na hapo ndipo tabia ya mtu hupimwa. Upo mlango wa nyuma unaomruhusu kuandika katika faili yake kwamba toleo hili litumike, liwe liwalo, na madai ya wengine yasisikilizwe. Mimi niliupita mlango huo miaka iliyopita, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi. Programu ikajengeka, ikafunguka, ikasifiwa; siku ya tatu mteja alipobonyeza kalenda ili aandike tarehe ya deni, skrini ikawa nyeupe tupu, naye alikuwa amesimama mbele ya mtu aliyekuja kumlipa. Tangu siku ile nimejua kwamba ugomvi ulionyamazishwa haukuisha. Umehamishwa tu kutoka kwenye meza ya fundi, ambaye angeuelewa, ukapelekwa kwenye mkono wa mtumiaji, asiyeuelewa na asiyekuwa na hatia. Mlango huo una nyakati zake za haki, fundi anapokuwa amechunguza na kujaribu na anangoja pakiti itengenezwe. Ila haustahili kuwa njia ya kila siku.

Saa nne ya usiku umeme ulikatika, na pamoja nao intaneti ya nyumba. Tukabaki na betri ya kompyuta na mega chache katika simu yangu, maana hapa kwetu mega hununuliwa kwa kupimwa kama mafuta ya kupikia. Nataka nishuhudie kwamba upungufu huo, ambao siusifu wala simtakii mtu, umewafundisha mafundi wa mji huu adabu moja nzuri: kusoma kabla ya kupakua. Mwenye intaneti isiyokwisha huweza kubadilisha namba hii, akajaribu, akabadilisha ile, akajaribu, mpaka bahati imwangukie. Sisi tulipunguza mwanga wa skrini, tukafungua mti wa vitegemezi uliokuwa tayari ndani ya kompyuta, tukachukua karatasi na kalamu, tukaandika kila mdai na sharti lake.

Wadai walikuwa watatu. Flutter ilitaka intl 0.20.2 kamili. Programu yetu ilitaka intl ya 0.19, lakini sharti hilo tulikuwa tumeliandika sisi wenyewe mwaka uliotangulia bila ya sababu nyingine ila kwamba ndiyo iliyokuwapo, na kwa hiyo tuliweza kuliondoa bila ya kumdhulumu mtu. Wa tatu alikuwa pakiti ya kalenda ya zamu, ambayo katika toleo lake la pili, tulilolitumia, ilikataa intl ya 0.20. Tukanunua mega kidogo, tukasoma orodha ya mabadiliko yake. Toleo la tatu lilikuwa limekubali intl mpya, na toleo la nne pia.

Kidole cha kijana kilikwenda moja kwa moja kwenye la nne, kama vidole vya vijana wote viendavyo kwenye kilicho kipya. Nikamzuia, nikamwonyesha mstari mmoja katika orodha: toleo la nne halikufanya kazi katika simu yenye Android iliyo chini ya 7.0.

"Mama mwenye daftari anatumia simu gani?"

Hakujibu upesi. Mama huyo alikuwa shangazi yake, naye alijua kwamba simu yake ilikuwa ya Android 6, iliyokwisha pita mikono miwili kabla ya kumfikia. Hapo alielewa, nami sikuongeza neno, kwamba mezani palikuwa na mdai wa nne ambaye jina lake halikuandikwa katika faili yoyote. Pakiti zote zina wakili: zina namba, zina masharti, zina chombo kinachozisemea kwa ufasaha wa mwanachuoni. Simu ya zamani ya mwuza mboga haina wakili ila fundi mwenyewe. Asipoikumbuka, hakuna maandishi mekundu yatakayotokea. Kila kitu kitapatana, kila mdai aliyekuwapo ataridhika, na suluhu itakuwa imefanywa juu ya mgongo wa mtu aliyekosekana barazani.

Hilo ndilo jambo ninalolisifu katika ufundi huu kuliko mengine yote, na ndilo ninalotaka wanaojifunza walishike. Toleo bora si jipya kuliko yote, wala si lile la mdai mwenye nguvu kuliko wenzake. Ni lile ambalo wote wanaweza kuishi nalo, pamoja na asiyekuwapo. Nalo halipatikani kwa kugawanya tofauti katikati, kama wazee wafanyavyo pengine katika kesi ya mpaka wa shamba, maana baina ya 0.19 na 0.20 hakuna nusu ya kukaa, kama isivyokuwapo nusu baina ya reli ya Kabalo na ya kusini. Hupatikana kwa mmoja kukubali kuhama na kuilipa gharama ya kuhama kwake. Na ustadi wa fundi ni kujua yupi anaweza kuhama bila ya kuvunjika, na gharama hiyo imwangukie nani. Usiku ule tuliona kwamba anayeweza kuibeba ni sisi: toleo la tatu lilikuwa limebadilisha jina la amri moja, na katika msimbo wetu amri hiyo iliitwa mahali patatu. Mistari mitatu tu, na mama angebaki na simu yake.

Tukaandika namba mpya mbili, tukaita pakiti mara moja tu, zikashuka, na maandishi mekundu hayakuonekana tena. Kisha chombo kikaandika faili ya kufungia matoleo, na faili hiyo, ambayo mteja hatawahi kuiona, naiheshimu kama hati ya mapatano: ndani yake mna toleo halisi la kila pakiti, zile za kuitwa na zile zilizokuja nyuma yao, pamoja na alama ya kuthibitisha kwamba yaliyomo hayakubadilishwa. Tukaihifadhi pamoja na msimbo, ili mwenzetu yeyote akiichukua kazi hii Kolwezi au Goma aikute suluhu ile ile, wala asilazimike kuianza kesi upya.

Nimesikia watu wakisema kwamba kazi hii si utengenezaji, ni usumbufu unaouchelewesha utengenezaji. Siafikiani nao. Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa pakiti yake ndogo, left-pad, yenye mistari 11 tu, na kazi za watu wengi duniani zikasimama kwa muda, hata za makampuni makubwa, kwa sababu walikuwa wamejenga juu yake bila ya kujua. Tukio hilo lilionyesha kitu ambacho msuluhishi wa matoleo hukiona kila siku katika mti wake wa vitegemezi, kwamba hakuna mwenye programu anayesimama peke yake, na kwamba kila kitufe tunachobonyeza kimeshikiliwa na mikono mingi ya ghaibu. Mwenye kupatanisha mikono hiyo anafanya kazi ya msingi, ambayo nyumba nzima huikalia. Ni kazi inayotaka subira ya kusoma kukataliwa mpaka mwisho, insafu ya kumsikiliza kila mdai kwa sharti lake, na unyenyekevu wa kuanza kutafuta kosa katika mistari uliyoiandika mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda soko la Kenya. Mama mwenye daftari alikuwa amekaa nyuma ya mafungu yake ya lengalenga, na simu yake ilikuwa na ufa uliokatiza skrini toka pembe hata pembe. Mpwa wake akaiwekea programu, ikachukua muda mrefu kufunguka, muda ambao mimi na yeye hatukutazamana, kisha ikafunguka. Juu ya skrini, upande huu na ule wa ufa, paliandikwa Jumamosi, 14 Juni 2025, na chini yake jina la mwenye zamu na faranga zake. Mama alisoma siku kwa sauti, akasoma jina, akageuka akamwita jirani yake wa meza ya tatu kwamba leo ni yeye. Akaifunga simu katika pindo la kikwembe chake, akaendelea kupanga mboga.